Siku Chai ya Mama Iliposhusha Ndege

Wale tuliosoma nao urubani hunitania mpaka leo, na sina pa kujificha, kwa sababu mambo yenyewe yalifanyika mchana kweupe mbele ya shule nzima ya msingi, walimu, wapishi na mzee mmoja wa kanisa, huko upande wa Elementaita. Kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe, kabla hamjayasikia yakiwa yametiwa chumvi.

Mimi ni Nekesa, mtoto wa Nakuru, babu yangu alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli na hatukurudi tena. Wakati huo nilikuwa nimepata leseni ya urubani juzi tu, na kama hujui, leseni mpya haikupi kazi, inakupa ruhusa ya kuanza kuitafuta. Kila kampuni inakuuliza umeruka masaa mangapi, na huwezi kupata masaa bila kazi, na huwezi kupata kazi bila masaa, sasa unabaki unazunguka hapo katikati kama kuku aliyefungwa mguu. Wenzangu wengine walibaki shuleni kufundisha wanafunzi wapya, mmoja akaenda kubeba miraa kwa ndege, mwingine akawa anapulizia ngano dawa huko Narok, na mimi nikabahatika kuingia kampuni ndogo pale Nakuru, kazi yetu kuwarusha watu wanaohesabu wanyama na ndege wa maziwani (ndege ya kuhesabu ndege, mama alikuwa anacheka kila nikimwambia).

Asubuhi hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kazi bila bosi wangu, Kepteni Mwaura, kukaa kando yangu. Mama hakulala vizuri. Aliamka akanipikia chai ya maziwa na tangawizi, akasimama pale mlangoni akiniangalia nikinywa, na kila kikombe kikiisha anaongeza, na mimi nikaona nikimkatalia siku kama hiyo nitamuumiza. Nikanywa yote. Huo ndio ulikuwa mwanzo.

Abiria wangu alikuwa Mzee Langat, mtu mpole, mrefu, mzee wa kanisa kwao, ambaye maisha yake yote alikuwa amehesabu flamingo kwa miguu, akitembea kwenye matope na darubini shingoni. Hakuwa amewahi kupanda ndege hata siku moja. Nilipomfunga mkanda alinishukuru kama mtu aliyetiliwa chai.

Halafu tukapaa. Jamani, mimi nimezaliwa hapo, nimeuza nguo za mtumba na shangazi hapo, nilidhani naijua Nakuru. Kumbe unaijua kwa miguu tu. Shimo la Menengai lilikuwa limejaa ukungu mpaka juu, mji umekaa ukingoni mwake kama haujui umekaa wapi, na mbele yetu bonde limefunguka lote, mashamba ya Subukia kwa mbali kushoto, ziwa linang'aa kulia, na moshi mweupe wa visima vya mvuke vya Olkaria ukipanda huko mwisho wa dunia. Na pembeni mwa ziwa kulikuwa na rangi ya waridi ambayo mtu angedhani ni udongo, mpaka ikajikunja, ikainuka, ikageuka upande mwingine yote kwa pamoja.

Nilimwangalia Mzee Langat nikitarajia ameanza kuhesabu. Alikuwa ameweka mkono kifuani. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa. Baadaye kidogo akasema kwa sauti ya chini kwenye hedfoni, "Kumbe hivi ndivyo Mungu huwaona."

Sasa niambie, mtu akisema neno kama hilo, wewe utamwambia vipi kwamba unataka kukojoa?

Kwa sababu ile chai ilikuwa imefika. Tulipomaliza ziwa la kwanza nikasema nitavumilia. Tukielekea Elementaita kukawa na upepo, ndege inarukaruka, na kila ikiruka mimi nafunga meno. Mzee ni rika la baba yangu, mimi ni msichana, na yeye bado yuko ibadani pale dirishani. Nikakumbuka kuna kiwanja cha nyasi cha ranchi moja hapo karibu, ambacho tulikuwa na ruhusa ya kukitumia, nikajiambia nitatua, nitaingia kwenye kichaka, nitarudi, tutaendelea. Nikaita kwenye redio kwamba natua, na yeye nikamwambia hivi tu: "Mzee, wacha nishuke hapo chini kidogo, kuna kitu nataka kuangalia."

Akasema, "Sawa, mwanangu." Akavua kofia, akafumba macho, akaanza kusali. Nikadhani bado ni mambo ya flamingo.

Nilitua vizuri kuliko siku yoyote niliyowahi kutua. Nikazima injini, nikafungua mlango, nikatafuta kichaka. Hakukuwa na kichaka. Ng'ombe walikuwa wamekula kila kitu mpaka chini, na nyuma ya ua kulikuwa na shule, na shule yote ilikuwa inakimbia kuja kwetu. Unajua vile watoto hukimbia wakipiga kelele? Hawa walikimbia wakipiga kelele mpaka karibu na bawa, halafu wakanyamaza ghafla, wote, wakasimama wakaniangalia. Mtoto mmoja aliinua mkono kana kwamba anataka kugusa hewa iliyozunguka ile ndege. Sijawahi kuangaliwa hivyo maishani mwangu, na mimi hapo nimekaza magoti.

Mzee Langat akashuka polepole, akainama, akagusa nyasi. Mwalimu mkuu, mama mnene wa sauti nzito aliyeitwa Madam Wambui, alipofika akamuuliza kuna nini. Mzee akamwambia kwamba ndege ilikuwa imeharibika juu ya ziwa, na huyu mtoto hakumtisha hata kidogo, alimwambia kwa upole tu kwamba anashuka kuangalia kitu, akamshusha salama. Na tayari alikuwa amempigia Kepteni Mwaura simu.

Nilifungua mdomo nieleze. Madam Wambui alikuwa ameshanikumbatia, tena kwa nguvu, pale tumboni pabaya. Akasema hatuwezi kutawanyika bila kushukuru, na mwalimu wa dini akaongoza maombi, akaniombea mimi, injini, na wazazi walionizaa. Wimbo ukafuata. Niliimba. Baada ya wimbo nikaambiwa niwaambie watoto maneno mawili, na msichana wa mbele, ametoka mbio na kiatu kimoja, akauliza kama ukimaliza shule ya urubani unapewa ndege kubwa siku hiyo hiyo. Nikaanza kumjibu kwamba hapana, kwanza unafundisha, ama unabeba mizigo, ama unapulizia mashamba, ama unahesabu ndege, ama unakaa kando ya kepteni mwingine ujifunze, na kila "ama" nilikuwa nahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mpaka nikafika mahali hakukuwa na mguu mwingine.

Nikasema, "Madam, ndege iko sawa. Ni mimi nataka choo."

Halafu Madam Wambui akasema, kwa ile sauti yake ya kupanga watoto mistari asubuhi, "Mpisheni rubani." Watoto wakagawanyika katikati, na mimi nikapita hapo nikikimbia kama bata, uwanja wote wa mpira, mpaka kwa choo cha mabati. Nilifika, nashukuru Mungu, ingawa kwa shida sana. Nilipotoka, shule yote ilikuwa imenifuata, imejipanga nje, na wakapiga makofi.

Kepteni Mwaura alifika na fundi kwa barabara, amejaa vumbi, uso umekauka kwa hofu. Ndege ikishasemwa ni mbovu lazima ikaguliwe, kwa hivyo fundi akaifungua, na kazi ya siku hiyo ikaharibika. Nilimweleza bosi ukweli nikiangalia viatu vyangu. Hakufoka. Aliniambia, "Rubani anayeona haya kusema ana shida, siku moja ataua watu." Akaniacha hapo nimesimama na neno hilo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko makofi.

Jioni tulipaa kurudi Nakuru. Nilidhani Mzee Langat ataomba kurudi na gari la kampuni, lakini alipanda mwenyewe akafunga mkanda. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya Mau, na flamingo wote wamegeuka rangi ya makaa ya moto. Kisha Mzee akakohoa kwenye hedfoni.

"Mwanangu," akasema, "hata mimi nilikuwa nimebanwa tangu tuvuke ziwa la kwanza. Nilikuwa naogopa kukuaibisha. Wewe ulipokuwa unaimba, mimi nilienda nyuma ya ua."

Tulicheka mpaka nikalazimika kurekebisha usukani. Siku hizi nina masaa ya kutosha na ndege yenye viti vingi zaidi, na kabla sijawasha injini nawageukia abiria wangu wote, awe waziri, awe askofu, nawauliza kwa sauti kama kuna mtu anataka choo. Na mimi ndiye hujibu wa kwanza.