Utepe Mweusi Juu ya Kitufe

Mtaani kwetu shemeji yangu aliitwa Upepo, na jina likamkaa. Anaendesha teksi ya umeme, na madirisha ya teksi hiyo yalikuwa wazi asubuhi hadi jioni, jua liwake, vumbi litimke. Siku za mwanzo tu baada ya kuipata, chaji ilimwishia katikati ya barabara, kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho, watu wakamcheka huku gari linavutwa. Siku hiyohiyo akabandika utepe mweusi juu ya kitufe cha kiyoyozi. Abiria aliyelalamikia joto alijibiwa kwa upole kwamba hewa ya Mungu ni ya bure.

Nisimwonee. Katika foleni za mjini alikuwa sahihi. Gari likitambaa, kiyoyozi hula umeme, na dirisha wazi halidai kitu. Wenzake walirudi kuchaji mchana, yeye akiendelea kubeba watu. Ubaya ni kwamba aliichukua sheria ya foleni akaifanya sheria ya dunia nzima, na dada yangu, mkewe, ana pumu.

Dada alimwomba weee, akachoka, akaanza kupanda basi. Mtu ana gari mlangoni anapanda basi! Mimi nilichukia, wala sikuficha. Basi alipomwomba mumewe ampeleke kwa mama, safari ndefu ya barabara kuu, nilimsaidia kufunga begi. Lilikuwa begi la mtu anayehama. Nilipomkazia macho, akaniambia hawajagombana, ila amechoka kuishi na mtu anayeisikiliza betri kuliko kifua chake, na akifika kwa mama harudi tena. Shemeji alidhani tunakwenda kusalimia.

Tulipotoka mjini alikaza mwendo. Upepo ukaingia kwa kishindo, mtandio wa dada ukanipiga usoni huko nyuma nilikokaa, na vumbi la malori likafuata. Kwenye kioo cha dashibodi, kilomita zilizobaki kwenye chaji ziliporomoka tukiziona. Shemeji akashusha madirisha zaidi, akiamini anaokoa umeme. Ningecheka, ila dada alishaanza kukohoa, kile kikohozi cha kuvuta hewa kama anapumulia mrija. Alivuta dawa yake, akafumba macho.

"Funga madirisha," akasema.

"Tutakwama, mke wangu. Njia hii haina pa kuchaji mpaka kwa mama."

"Tukwame. Bora nikwame napumua."

Hakupandisha sauti. Shemeji alipunguza mwendo, akapandisha vioo kimoja kimoja, kisha akaanza kuubandua ule utepe. Ulikuwa umeganda, ikabidi aukwangue kwa ukucha. Chini yake kitufe kilikuwa kipya kabisa. Akakibonyeza.

Gari likatulia, tukaanza kusikia pumzi za dada zikirudi. Kilomita ziliendelea kupungua, lakini sasa kwa adabu.

Shemeji akasema kwamba kwa mwendo ule upepo ulikuwa unatuvuta nyuma, kama mtu anayekimbia na mwavuli aliofungua. Nikamwambia mguu wake mzito nao ulichangia, asiubebeshe upepo lawama zote. Akaulegeza mguu.

"Nilikuwa namsikia anakohoa," akasema, bila kugeuka, "halafu natazama chaji."

Iliniuma, maana nilikuja nimejiandaa kumchukia safari nzima. Dada hakumsikia. Alikuwa amelala.

Tulifika kwa mama chaji imebaki kidogo sana. Shemeji aliegesha kivulini, lakini kiyoyozi hakukizima. Mama akatoka mlangoni mikono mbele, tayari kutupokea kwa kelele. Shemeji akaweka kidole mdomoni, na mama, ambaye sijawahi kumwona akinyamazishwa na mtu, akanyamaza. Alama ya betri ikageuka nyekundu. Shemeji alikuwa anamtazama mkewe.

Dada alipoamka, macho yake yalikwenda kwenye dashibodi kwanza.

"Umeme unaisha."

"Acha uishe."

Dada akajifunga mtandio vizuri. Kisha akaniambia nimtolee mkoba tu, begi kubwa niliache kwenye buti.