Kidonge cha Mama Mkwe

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Kaa hapa nikusimulie, maana nimesikia nawe umepimwa sukari na umeanza kuuliza rafiki zako wanameza nini.

Miaka hiyo tulikuwa tunaishi Lemara, hapo Arusha mjini, na mume wangu Elirehema alikuwa na duka la vipuri vya magari Sokon One. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Mchana chipsi mayai na soda, jioni lifti ya rafiki hadi mlangoni. Hakuwa anaumwa popote. Ni wauguzi tu waliokuja kanisani siku moja kupima watu sukari baada ya ibada, wakamwambia aende hospitali. Huko daktari akamwambia, "Kwenye kisukari hujafika, lakini uko njiani. Ukianza sasa unaweza kurudi nyuma." Akamtaka apunguze vitamu na wanga, atembee kila siku, na ameze kidonge kimoja pamoja na chakula cha jioni.

Sasa ujue kwamba baba yake Elirehema alikatwa mguu kwa ugonjwa huo kabla ya kufariki. Kwa hiyo hofu iliingia nyumbani kwetu kabla hata ya dawa. Nikafungia sukari kabatini. Watoto wakanywa chai isiyo na sukari bila kosa lolote. Ugali nikampimia mume wangu kama nampimia mtoto mdogo, na yeye naye akazidisha, siku nyingine hali kabisa. Alitaka akirudi kwa daktari Jumatatu aliyopangiwa aambiwe amepona.

Jumamosi hiyo kabla ya Jumatatu tukapanda Akheri, kule Meru, kwa mama yake kusaidia shamba. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mpole, mwenye kisukari cha miaka mingi. Elirehema alikataa uji asubuhi, akakataa na ndizi, akachukua jembe akashuka kwenye migomba kurekebisha mfereji. Mimi nikabaki nachambua maharage.

Jua lilipokuwa limepanda nikasikia mtu anacheka huko chini. Alikuwa jirani, Mzee Samweli.

"Mama Neema, njoo umwone mumeo! Leo ameanza kunywa mapema!"

Elirehema hajawahi kuonja pombe. Nikatupa ungo, nikakimbia. Nilimkuta amekaa kwenye tope la mfereji, shati limelowa jasho chapachapa, midomo inatetemeka. Nikamwita, akanitazama kama mgeni. Akaniuliza kwa nini nimefunga duka. Nikamwambia tuko Akheri, akaanza kunitukana, mtu ambaye hajawahi kuniinulia sauti. Mzee Samweli akaacha kucheka.

Mimi nikajua moja tu: sukari imempanda, imefika kichwani, anakufa kama baba yake. Nikapiga kelele watu walete gari.

Ndipo mama mkwe akatokea kati ya migomba, anakimbia na miguu yake ile mibovu, kikombe mkononi, kanga imemdondoka njiani.

"Unampa nini, Mama?"

"Maji ya sukari."

"Sukari! Si ndiyo inayomuua?" Nikamshika mkono. Naam, mwanangu, nilimshika mkono mama mkwe wangu mbele za watu, na kwetu Uchagani jambo hilo hata kuliwaza ni aibu.

Hakunisukuma. Aliniangalia machoni.

"Mama Neema, niachie. Asubuhi nimempa kidonge changu. Nilimwambia vyake ni dhaifu, changu kitamponya upesi. Kumbe hakula kitu. Sukari imemshuka, na hali hii naijua, imewahi kunipata mimi. Utanihukumu baadaye. Acha kwanza anywe wakati bado anaweza kumeza."

Watu wote walikuwa wamesikia. Nilisimama hapo sijui nimwamini nani, daktari aliyekataza sukari au mama huyu aliyejishtaki mwenyewe. Nikamwachia.

Akamkalisha mwanawe vizuri, akamnywesha kidogo kidogo. Muda ule sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Nilikuwa naomba kwa Kichaga. Mwishowe Elirehema akapepesa macho, akaangalia matope miguuni, akauliza, "Jembe langu liko wapi?" Nikaanza kulia. Mama hakulia. Akasema, "Hatujamaliza. Kidonge bado kimo mwilini. Twendeni hospitali."

Mzee Samweli akatupakia kwenye pikapu yake. Tulipofika, kabla daktari hajauliza lolote, Mama akatoa pakiti yake ya vidonge kifuani akamwekea mezani. "Ni mimi niliyempa," akasema. Daktari alitueleza kwamba dawa ile huishusha sukari hata kama mtu hajala, tofauti na aliyoandikiwa Elirehema. Akamlaza, na kweli, alasiri sukari ikashuka tena, lakini safari hii wauguzi walikuwa pembeni yake. Daktari akamwambia Mama, "Bibi, ungenyamaza kwa aibu, leo tungeongea mengine."

Elirehema alirudi kwenye dawa yake. Nusu ya sahani ikawa mboga, ugali ukabaki lakini kidogo, na jioni akawa anatembea kwa miguu kutoka dukani hadi nyumbani. Ilichukua miezi mingi. Vipimo vya sukari vilishuka polepole, na mpaka leo kisukari hakijampata. Unamwona mwenyewe anavyotusumbua twende naye matembezini.

Basi mwanangu, nakusihi. Dawa ya mwenzio usiimeze, hata akupe aliyekuzaa, na yako usimgawie mtu. Kula kidogo na kwa mpangilio, usijinyime ili umfurahishe daktari. Tembea leo, na kesho utembee tena. Na ukiwa umemeza kitu, au umempa mtu, sema upesi, useme mbele ya yeyote. Aibu inapita, mtu akienda harudi.

Mungu aitunze miguu yako ikufikishe mbali, akupe macho ya kuwaona wajukuu wako, na meza yako isipungukiwe na watu wa kukuambia ukweli.