Tarehe ya Gil-mo

Katika kijiji cha Abai, kile kipande cha mchanga kilichobanwa kati ya bahari na mji wa Sokcho, Mama Man-sik alijulikana kwa ulimi wake mkali na kwa bakuli la mumewe. Kila jioni wali ukiiva, kabla hajajipakulia mwenyewe, alijaza bakuli la shaba lenye mfuniko, akaliweka sakafuni penye joto, akalifunika blanketi. Ndivyo wake wa huko wanavyomwekea chakula mume aliyechelewa kurudi. Wa kwake, Gil-mo, alikuwa amechelewa tangu mwaka wa hamsini. Asubuhi alilifunua, akaumwagia ule wali maji ya moto, akala kiporo kile na kabichi ya pilipili, akaenda zake kupaa samaki.

Walikuwa watu wa Hamgyong, kaskazini. Vitani, majeshi ya kusini yaliporudi nyuma katika baridi ile mbaya, Gil-mo alimfungia mkewe mtoto mgongoni, akamsukuma melini, akasema yeye anarudi kumchukua mama yake, siku mbili tatu tu, watakutana kusini. Meli ikaondoka. Watu wa meli ile wakajijengea vibanda vya mbao hapo mchangani, na hawakutia saruji. Nani anamwaga saruji kwa makazi ya siku mbili tatu? Halafu waya wa mpaka ukapita katikati ya nchi, na vibanda vikazeeka pamoja na wenyewe.

Basi mwisho wa mwaka wa tisini na moja, televisheni ya mzee Pyo ikaonyesha bendera nyekundu ikishushwa huko Moscow. Msoma habari akasema ule uhasama mrefu wa mataifa makubwa mawili, ulioanza mwaka wa arobaini na saba, sasa umekwisha. Pyo, rafiki wa Gil-mo tangu utotoni, akajipiga paja.

"Haya shemeji, wakubwa wamemaliza!"

"Arobaini na saba?" Mama Man-sik akauliza. "Mwaka huo nilikuwa naolewa. Tulichinja nguruwe, kijiji kizima kikala. Mbona hakuna aliyetuambia kuna ugomvi umeanza?"

"Hao nao wamekosea. Ulianza arobaini na tano, walipotuchorea mstari wa kuigawa nchi."

"Wa kwenu huo. Wangu ulianza pale gatini, nilipopanda meli. Na kama umekwisha, nenda ukanifungulie waya nipite. Pale hata mbwa wako hapiti."

Pyo akacheka mwenyewe. Mlangoni alikuwa amesimama Man-sik, yule mtoto wa mgongoni, sasa fundi wa injini za mashua mwenye nywele zinazoanza kuota mvi. Hakucheka. Neno "umekwisha" alilibeba akaondoka nalo.

Man-sik alikuwa mgonjwa wa sukari, na hospitalini walikwisha kumkata kidole cha mguu. Alitaka jambo moja tu maishani: kusujudu mbele ya meza ya tambiko la baba yake, kama mtoto wa kwanza anavyopaswa. Lakini tambiko hufanywa siku aliyokufa mtu, na ya Gil-mo haikujulikana; mwenye haki ya kuichagua tarehe alikuwa mkewe tu. Mwezi wa tisa ulipofika, akamwendea.

"Mama, wote wasiojua tarehe hutumia siku ya tisa ya mwezi huu. Hata mzee Pyo kamfanyia kaka yake."

"Pyo alimchoka kaka yake tangu akiwa hai."

"Baba angekuwa na miaka sabini. Na maisha ya huko..."

"Mimi nina ngapi? Si niko hapa nasikiliza upuuzi wako?"

"Mama, mara ijayo watakata mguu. Nitamsujudia vipi? Niache nimpigie baba magoti mara moja, magoti ningali nayo."

Mama akageuza samaki juu ya makaa. "Unaniomba nimuue."

"Naomba tarehe tu."

"Ni yale yale."

Siku ya tisa ikapita hivyo hivyo. Wiki chache baadaye alimwona mwanawe akishuka kivukoni kutoka hospitalini, fimbo mkono huu, mkewe mkono ule, akihema kama mzee. Mama akamtazama mpaka alipofika. Hakumpa pole.

"Siyo mwezi wa tisa," akasema. "Hiyo ni siku ya watu wasiojua kitu. Mimi najua. Weka siku niliyopanda meli."

Man-sik akasimama. "Lakini Mama, hiyo ndiyo siku uliyosema ugomvi wako ulianza."

"Basi uliisha siku hiyo hiyo. Asubuhi kanifungia mtoto, jioni mimi ni mjane. Miaka iliyobaki yote ilikuwa wali tu."

Tambiko likafanywa mwezi wa kumi na moja, siku ile ya meli, jua likizama. Mezani paliwekwa samaki, mapeasi, pombe ya mchele. Mlango ukaachwa wazi ili roho ipite, upepo wa baharini ukaingia.

"Fungueni vizuri," Pyo akasema, "Gil-mo ana mabega mapana." Kisha akainamisha uso.

Mke wa Man-sik alitaka kupakua, Mama akamnyang'anya mwiko. Akalijaza lile bakuli la shaba yeye mwenyewe, akachomeka kijiko wima katikati ya wali, kama wanavyowekewa wafu. Man-sik akaweka fimbo kando, akapiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso, na hakuinuka. Alilia kwa sauti hadi Pyo akamshika kwapani. Baadaye waligawana chakula cha tambiko, kama desturi ilivyo, na wali wa bakuli ukaisha wote. Mkwe akaliosha lile bakuli, akalipandisha rafuni.

Asubuhi Mama Man-sik aliamka, akabandika maji motoni, akapeleka mkono chini ya blanketi. Sakafu ilikuwa na joto. Akapapasa huku, akapapasa kule, kisha akauacha mkono hapo hapo.

"Mama, umeshakula?" mkwe akaita kutoka nje.

Maji yalikuwa yanachemka.

"Sina kiporo," akajibu.