Dripu ya Samaki

Mimba yangu ilipofika mwezi wa saba presha ilipanda, na daktari tunayefanya naye kazi akanikataza kunyanyua kitu chochote kizito. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Singida, niliyeolewa Ujiji. Nilipotoka kwake nikajikuta nawaza ndoo za maji ya samaki wangu.

Nafuga sebuleni, kwenye tanki la kioo, samaki wadogo wa ziwani, wale wanaoishi ndani ya magamba ya konokono. Kwa joto letu maji hupungua kila siku, na yanayobaki huchafuka. Kuongeza na kubadilisha, yote nilikuwa nafanya kwa ndoo. Mume wangu yuko kwenye boti ya mizigo, nyumbani anapita tu. Ndipo mama yake akaja kutoka Ilagala kunisaidia.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya tanki, mikono kiunoni.

"Hawa hawaliwi?"

"Hawaliwi, Mama."

"Na bado wanabadilishiwa maji?"

"Ndiyo, Mama."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi wawekee dripu, kama wagonjwa wako!"

Kwake ulikuwa mzaha. Mimi usiku ule sikuacha kuufikiria, na asubuhi nikanunua mpira wa dripu duka la dawa. Samaki tukawahamishia kwenye beseni, fundi vioo akatoboa tundu karibu na ukingo wa juu wa tanki, akapachika bomba la kupita dirishani hadi kwenye tuta la mchicha. Juu ya kabati tukaweka pipa dogo la maji ya ziwa. Mpira ukashuka kutoka kwenye pipa, nikalegeza kigurudumu chake cha kupimia matone, maji yakaanza kudondoka tankini, na samaki tukawarudisha. Yakipungua, matone yanajaza. Yakizidi, yanatoka yenyewe kwenda kwenye mchicha. Wala hayahitaji umeme.

Siku ya pili tulikuta sebule imelowa. Jani la mmea wa tankini lilikuwa limeziba bomba la kutolea maji. Nilikaribia kulia. Mama alikunja mkeka, akapiga deki, kisha akatafuta kwenye mizigo yake kipande cha wavu na kukifunga mdomoni mwa bomba.

"Ziwani pia tunazuia takataka," alisema. "Kaa, miguu yako imevimba."

Wiki chache baadaye nililazwa ghafla, nikajifungua kwa upasuaji. Mama alikuwa akiniletea uji wodini, na kila mara, kabla sijauliza, aliniambia, "Wako salama. Nimewajazia pipa." Alikuwa akipanda kwenye stuli, kwa magoti yale yanayomuuma, akimimina jagi kwa jagi. Hilo niliambiwa na jirani, yeye hakulitaja.

Niliporudi na binti yangu mikononi, maji yalikuwa maangavu, na mchicha umeshachumwa mara mbili.

Alikaa nasi mpaka mshono ukapona. Siku ya kuondoka nilimsindikiza stendi. Kiswahili kilinikaukia, nikamshukuru kwa lugha ya kwao, kwa Kiha changu kibovu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanirekebisha matamshi, akanifanya nirudie. Niliporudia vizuri alinishika shavu, akaingia garini.