Jaketi Lililozama Kwenye Pipa

Nilinunua majaketi mawili ya kuokolea maisha katika duka moja la Bukoba mjini, moja la mke wangu anayefundisha kisiwani Bumbire, jingine langu. Asubuhi aliyoondoka na lake, mimi nilibaki nyumbani Muleba nikaamua kulifua langu, maana lilinuka mafuta ya taa. Nililitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua. Lilielea kidogo, likalegea, likazama hadi chini kama gunia la mchanga.

Nikampigia simu mke wangu. Hapatikani. Nikapiga tena na tena huku upepo ukiichana migomba, na mimi nikijua ziwani unavuma zaidi. Mchana ndipo aliponipigia: amefika. Nilimwambia asithubutu kupanda boti tena na jaketi lile, kisha nikakaa chini kwenye matope.

Kesho yake nililibwaga langu juu ya meza ya muuza duka, bado linachuruzika.

"Waitu, bwana wangu, soma," alisema kwa upole, akinionyesha kibao ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Sheria haikuruhusu kuuza kitu kibovu kisha ujifiche nyuma ya kibao," nikafoka. "Au livae wewe, twende wote ziwani!"

Alinirudishia hela haraka mpaka nikaogopa upya. Nilipofika mlangoni niligeuka. Alikuwa ameshalikamua, analitundika tena msumarini, upande unaotazama barabara.