Historia Ndefu ya Ufalme wa Aminieli

Mume wangu Aminieli anatengeneza simu za watu pale Sombetini, na simu za watu zikishapona anatengeneza mchezo wake. Mchezo wenyewe hauna picha hata moja. Unasoma maneno, chini unakuta namba moja na namba mbili, unabonyeza unayotaka, unasoma tena. Nilimwambia, watu wamekimbia shule kwa sababu ya kusoma, wewe unawafuata mpaka kwenye simu. Akasema nisubiri nione. Haya, nikasubiri.

Tatizo likawa mwanzo wake. Kabla hujabonyeza chochote kuna historia ya ufalme wa mlimani: nani alifyeka msitu wa kwanza, nani alichimba mfereji, nani alimwoa nani na ugomvi wa mpaka ulianzia wapi. Jamani, ndefu! Unabandika maharage yanaiva, mfalme bado hajazaliwa. Mwisho kabisa kuna malkia anayewapikia walinzi loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, na kumgombeza mfalme kwa kuingia jikoni na matope. Huyo ni mama mkwe wangu, Elinipa, aliyetutoka mwaka juzi. Aminieli hakulia msibani. Alirudi mjini akaandika ufalme. Alichotaka ni mtu mmoja tu asome mpaka afike pale kwa malkia.

Hakufika mtu. Kila ukurasa una kitufe cha "Ruka", na watu waliruka. Nasri, rafiki yake wa bodaboda, hakuona hata haya kusema.

"Kaka, mchezo mtamu, nimeua chui. Lakini yale maelezo ya mwanzo, dah! Weka mistari mitatu, inatosha."

"Wewe ulisoma mpaka wapi?"

"Pale palipoandikwa 'Karibu'."

Mimi pia niliruka. Nina vichwa vya watu vya kusuka, sina muda wa wafalme. Lakini siku ile roho iliniuma, maana mume wangu akiumia hasemi, anafagia. Alifagia kibanda chote, akafagia na mbele ya duka la jirani, kisha akasema Jumatatu ataifuta historia yote aweke mistari mitatu ya Nasri.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kijijini Kikwe kumpelekea baba mkwe sukari. Mzee Kaanaeli anaishi peke yake tangu msiba. Yeye na mwanawe huongea kwa simu, habari za mvua tu. Aminieli hajakanyaga pale tangu tumzike mama. Kila nikimwambia twende, ana simu ya mtu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mwenzako?"

"Ana kazi, baba."

"Haya."

Nikamfungulia mchezo kwenye simu yangu, nikamwonyesha na kitufe cha kuruka. Alinitazama kana kwamba nimemtuma akaibe.

"Unaingiaje shambani kwa mtu bila kujua ni la nani?"

Akavaa miwani. Nikafua, nikakata majani ya ng'ombe, nikapika, mzee anasoma tu, kidole kwenye kioo, midomo inacheza. Kuna mahali alifoka kwamba mfereji haukuchimbwa hivyo. Baadaye akafika pale kwa malkia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Kweli alikuwa ananigombeza," akasema. "Kwa ajili ya matope."

Nililia, wala sikujificha.

Ndipo mchezo ukaanza. Umesimama njia panda. Moja, ingia msituni. Mbili, rudi nyumbani. Sombetini nzima inabonyeza moja, kwa sababu chui yuko huko. Mzee akabonyeza mbili, hakufikiri hata kidogo. Kioo kikaandika: "Umerudi nyumbani. Hakuna kilichotokea. Mwisho."

Akasoma, akarudia. Kisha akaniambia nimpigie mwanawe, nikaweka spika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesoma ufalme wako."

"Umesoma wote?"

"Wote. Mfereji umeukosea. Mama yako umempata hasa." Akakohoa. "Sasa nimerudi nyumbani, Aminieli, sikukuta mtu. Hata wa kuniambia karibu chai hakuna. Ndivyo ulivyoandika?"

Huko Sombetini nilisikia kitu kimeanguka. Nadhani ni ufagio.

"Nitarekebisha, baba."

"Lini?"

Jumatatu hakufuta kitu. Alifunga kibanda, Nasri akabaki mlangoni na simu yake mbovu analalamika, sisi tukaenda Kikwe. Aminieli akapiga hodi, mzee akamkaribisha, nikawamiminia chai. Mzee akaanza kumweleza jinsi mfereji ulivyochimbwa, tangu kwa babu wa babu yake, na ng'ombe gani alilipwa nani, na nani alikataa kushika jembe. Ilikuwa ndefu kuliko ile ya mchezo. Kitufe cha kuruka hakikuwepo, na Aminieli hakukitafuta.