Ndama Walionyonya Nikiwa Kajiado

Wakati wetu, kabla Kitengela haijajaa maghorofa, huku kulikuwa na nyasi, vumbi na harufu ya maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Tulichunga mawe tukiyaita ng'ombe, na kila mtoto alijua jiwe lake kwa jina. Wa leo simu ikizima tu, analia kama amefiwa.

Kwetu lawama zote zilikuwa na mwenyewe: mimi. Mbuzi akipotea, Nasieku. Chai ikifurika ikazima moto, Nasieku. Baba akirudi amelewa, mama ananigeukia, eti nilimsalimia vibaya asubuhi. Nilichapwa mpaka nikaanza kuamini. Mtu akijikwaa, mimi ndiye naomba msamaha.

Halafu nikatumwa Kajiado kwa shangazi aliyekuwa amejifungua. Nikiwa huko, dada yangu mkubwa akasahau kufunga kizizi cha ndama. Nyinyi wa rika langu mnajua: ndama wakilala na mama zao, asubuhi hukamui kitu. Na asubuhi hiyo ndiyo wazee walikuja kumposa huyo dada. Wakakalishwa, wakangoja, hata tone la maziwa hakuna. Aibu gani hiyo!

Niliporudi, mama, Yeyo wetu, alinikuta mlangoni.

"Umeona vile umetuaibisha?"

"Yeyo, si nilikuwa Kajiado?"

"Ndiyo hiyo! Ungekuwa hapa, ungefunga!"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini na mzigo wangu kichwani. Nilichapwa kwa sababu ya kile kicheko, lakini fimbo haikuingia. Mama alikuwa amesema kwa mdomo wake: boma hili linafungwa na Nasieku. Ubaya haukuwa wangu. Hawa watu walitaka tu mahali pa kumwaga taka yao, na mimi si shimo. Tangu siku hiyo wakiniita naitika, "Niko," natengeneza kilichoharibika, naenda zangu. Moyo wangu sikuwapa.

Nilizaa, nikalea, na kwangu hakuna mtoto amebeba kosa la mwenzake. Mama naye alizeekea kwangu, si kwa wale wazuri wake. Hata uzeeni, kikombe kikianguka jikoni, anaita kwa nguvu, "Nasieku!"

"Niko, Yeyo."

Wajukuu wanashangaa. "Koko, na si wewe umevunja!"

"Najua. Nyamazeni, leteni ufagio."

Nilimzika mimi, na kaburi nikalijengea vizuri. Siku hizi pale kizizi kilikuwa kuna duka la simu. Wajukuu wakivunja kitu, wanasema ukweli, wanafagia, wanarudi kwa simu zao. Hivyo ndivyo nilitaka, na najivunia. Lakini sahani ikilia chini, bado mdomo wangu unatangulia:

"Niko, Yeyo."

Na hakuna mtu ameniita.